Jina la Kusemwa Mara Moja

Njia haijawahi kumpeleka mtu popote. Anayesema njia hii inakwenda mahali fulani ni mvivu wa kufikiri, maana njia imelala pale pale ilipolazwa. Anayekwenda ni wewe, na siku ukishindwa kwenda, njia haitakuja kwako kukujulia hali. Mrindoko alikuwa ameyawaza haya kwa miaka mingi, ikiwa ilikuwa miaka. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha wageni katika Korongo na kuwateremsha, kuwapandisha na kuwateremsha, hatua tano mbele yao, fimbo mkononi, akiwaonyesha tai juu ya magenge, pimbi waliao kama watoto, na mbuzi mawe waliosimama kwenye kingo ambako hata mjusi angeomba msaada. Humo ndani jua lilionekana kwa muda wa kuivisha chungu kimoja cha maharage, kisha magenge yakalifunika. Saa za mkononi ziligoma kwenye kona ya pili, za bei mbaya na za bei poa, zikaamka tena mtu akishatoka. Sasa mtu wa namna hiyo ukimuuliza amefanya kazi tangu lini, akujibu nini? Aliingia ana nywele nyeusi. Asubuhi moja aliinama kunywa maji kijitoni, akamkuta mzee anamtazama kutoka chini. Akamwamkia shikamoo, akanywa, akaendelea na kazi.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho. Wakubwa wa Hifadhi, watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakipanda hata kona moja, walikuwa wamebandika tangazo langoni: kuanzia kesho Korongo linafungwa, asiingie mgeni wala mtumishi, ili mawe yapumzike. Ndivyo lilivyosema. Mawe yapumzike! Watu waliozaliwa humo, wakazika humo, walipewa siku moja kufunga virago, na hakuna aliyewauliza kama wamechoka. Lakini jiwe likihema kidogo tu, barua inaandikwa. Haya, dunia ina wenyewe.

Asubuhi hiyo alikuja mtu mmoja tu. Mwanamke, aliyekwishavuka sabini, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, miguuni makatambuga. Alimwambia mlinzi wa lango kuwa jina lake ni Nakundwa. Mlinzi akafungua daftari, akauliza anatoka wapi.

"Humu," alisema Nakundwa, akilielekeza Korongo kwa kidevu.

"Humu hatoki mtu, mama. Nakuandika mgeni."

"Andika upendavyo, mwanangu. Kalamu si iko kwako?"

Mrindoko akamwamkia, akaitikiwa marahaba, wakaanza kupanda. Huyu mama hakuangalia tai wala mbuzi mawe. Aliangalia chini, kushoto kwake, kama mtu aliyedondosha sindano. Pumzi zake zilikuwa fupi lakini miguu ilijua kazi yake. Pale wageni wanapotambaa kwa mikono, yeye alipita amesimama.

"Baba," aliuliza, "wewe ndiye unayeijua njia hii?"

"Mimi ndiye niliyeitengeneza, mama," alisema Mrindoko, na kifua kikamvimba kidogo. Maskini, laiti angelijua, angemeza maneno yale.

Walipofika kwenye lundo la kwanza la mawe, lundo lenye kimo cha kiuno, Nakundwa alivua makatambuga. Akalikaribia pekupeku, akaliwekea kiganja juu kama anayempima mtoto homa.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Nani yupi, mama?"

"Aliyelala hapa."

Mrindoko akacheka. "Hapa hajalala mtu. Hii ni alama. Mgeni akipotewa anatafuta lundo, akiliona lundo anajua njia ni hii. Yako arobaini mpaka juu."

"Arobaini," alisema Nakundwa polepole. "Sisi tulipoondoka tuliacha kumi na tisa."

Hapo ndipo kicheko cha Mrindoko kilipomkauka mdomoni. Kwao, upande wa pili wa mlima, kila penye kilele cha njia pana lundo la mawe. Msafiri akifika pale anaokota jiwe, analitemea mate, analitupia lundoni na kusema, uchovu wangu baki hapa. Hilo analijua kila mtoto wa kwao kabla hajajua kuhesabu. Basi alipoajiriwa na kuambiwa aweke alama ili wageni wasipotee, akayakuta Korongoni malundo tayari, hakujiuliza mara mbili. Alijua ni nini: uchovu wa watu waliokwishaondoka. Uchovu hauna mwenyewe. Aliyabomoa makubwa akayagawa matatu matatu. Madogo, yale ya kimo cha goti yasiyoonekana kwa mbali, aliyafuta kabisa, akabeba mawe yake kwa karai, akajenga mapya mahali alipotaka njia ipite. Mwezi mzima aliifanya kazi hiyo huku akiimba. Wakubwa walimpa barua ya pongezi, na barua hiyo ilikuwa ukutani kwake mpaka leo, ndani ya fremu.

"Niambie, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unamtafuta nani?"

Nakundwa aliketi juu ya mwamba, akaeleza bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Alikuwa na binti wa miaka minne, Namsemba. Homa ilimchukua alfajiri, adhuhuri wakamzika, wakamjengea lundo lake dogo. Siku ya pili magari yalikuja kuwahamisha. Na kwao, alisema, kila mtoto ana majina mawili: hilo la kuitwa na watu, na jingine ambalo mama anampa tumboni na halijui mtu mwingine, hata baba mtu. Mtoto akifa, siku ya saba mama anakwenda peke yake kwenye lundo, analisema lile jina la pili kwa sauti. Mara moja. Ndipo mtoto anajua kuwa ni yeye anayeitwa, anaondoka kwenye mawe, anakwenda walikokwenda wakubwa zake.

"Siku ya saba mimi nilikuwa kambini, bondeni, napangiwa foleni ya maji," alisema. "Nimeomba ruhusa ya kurudi tangu siku hiyo. Kila mwaka wananiambia njoo mwakani. Jana nikasikia kesho wanafunga."

"Na ukilisema penye lundo lisilo lake?"

"Aliyelala pale atalichukua. Jina likishasemwa halirudi mdomoni, baba. Wangu atabaki humu hana anachoitwa, milele na milele." Akakuna goti. "Ndiyo maana nikikosa kumwona leo, nitafunga mdomo na kuondoka nalo. Nitazikwa nalo. Huenda tukakutana huko mbele nikamwita. Itachukua muda, lakini bora hivyo kuliko kulimwaga ovyo."

Unaona basi jambo lilivyokuwa jepesi? Mrindoko alitakiwa kusema maneno matatu tu: mama, nimeyabomoa, sijui. Mama angelia, angemlaani, angeshuka na jina lake limefungwa salama kifuani. Maneno matatu. Lakini wewe umewahi kumwambia mtu kuwa kitu ulichopewa barua ya pongezi kwa sababu yake ni kaburi la mwanawe? Ulimi, ukiambiwa kazi kama hiyo, unakuwa mzito kuliko jiwe la kusagia.

"Lundo lake lilikuwa wapi?" aliuliza, akijinunulia muda.

"Kushoto ukipanda. Penye mwamba uliopasuka."

Wakapanda. Kila kona ilikuwa na mwamba uliopasuka. Mvua na baridi za miaka yote zilikuwa zimeipasua miamba kama mikate. Nakundwa alisimama mbele ya kila mmoja, akainama, akanusa hewa, akatikisa kichwa. Na Mrindoko nyuma yake alijaribu kukumbuka. Madogo ya kushoto yalikuwa kumi na moja. Moja lilikuwa penye mshubiri, lakini mishubiri ilikuwa imezaana. Moja alilibomoa siku ya mvua. Moja lilikuwa na jiwe jeupe juu yake, alilipenda, akalihamishia kona ya tano. Mengine yalikuwa karai tu. Anachokumbuka mtu aliyebeba karai ni uzito.

Mahali ni pa nani? Hili ndilo swali lililompanda kichwani wakati anapanda, na mimi ninayesimulia nakuachia kama alivyoachiwa yeye. Ni pa aliyezaliwa pale? Anaondoka, na mahali hapamfuati. Ni pa aliyezikwa pale? Hasemi. Ni pa aliyebandika tangazo? Huyo hata hajafika. Mrindoko aliona, na hakupenda kuona, kwamba mahali ni pa yule anayeweka alama. Aliyeweka lundo pale ndiye aliyesema huku ni njia na kule si njia, huyu ni mfu na yule ni kokoto, na watu wote waliokuja baadaye, maelfu yao na kofia zao na chupa zao za maji, walikanyaga alipoamuru. Alikuwa mfalme wa Korongo bila kujua.

Jua lilikuwa limeshapita na kivuli kilijaa bondeni. Kutoka chini ikasikika filimbi ya lango, ya kwanza. Ikilia ya pili wawe nje.

"Baba," alisema Nakundwa. Alikuwa ameketi chini sasa, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Macho yangu yamekwisha. Wewe ndiye mwenye njia. Nionyeshe mwanangu."

Mrindoko aliinua fimbo. Hata leo sijui kama mkono ulimtii yeye au mtu mwingine. Akalielekeza lundo la kona ya tisa, zuri, la kimo cha goti, lililokaa penye mwamba uliopasuka kushoto ukipanda. Alikuwa amelijenga mwenyewe juu ya mwamba mtupu, pahali ambapo hata mdudu hawezi kuzikwa.

"Ni hili, mama."

Nakundwa alilitazama kwa muda mrefu. "Una hakika?"

"Ninalifahamu kila jiwe lake," alisema Mrindoko, na hapo hakusema uongo.

Mama akavua kanga ya kichwani, akaitandika. Akamwambia asogee mpaka asisikie. Mrindoko akasogea, lakini Korongo ni Korongo, kuta mbili na upepo katikati, na mtu anayetaka kusikia kosa lake analisikia. Alilisikia lile jina. Lilikuwa jina fupi. Silitaji hapa, na usinisumbue. Tayari limesikiwa na sikio moja zaidi ya lilivyotakiwa. Nakundwa alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mama anayemwita mtoto aje ale chakula kisije kikapoa.

Kisha akasimama, akajifuta magoti, na uso wake ulikuwa umefunguka. Alikuwa karibu kucheka.

"Sasa mimi natangulia," alisema. "Wewe njoo nyuma. Mama haruhusiwi kugeuka mpaka atoke kwenye miamba. Na kabla hajatoka, mtoto huitika. Hivyo ndivyo tunavyojua kuwa ni yeye."

"Huitika?" aliuliza Mrindoko.

"Kwani wewe mama yako akikuita huitiki? Ulilelewa wapi wewe?" Akacheka kabisa sasa, akaanza kuteremka.

Alishuka mwepesi, anasimulia. Namsemba alikuwa mtundu huyo, we acha tu! Alikuwa akila udongo wa ukutani. Alikuwa akimfukuza jogoo mpaka jogoo anaomba radhi. Alikuwa akilala na mkono sikioni mwa mama yake, lazima sikio, ukiutoa analia. Mrindoko alisikiliza kutoka nyuma. Kona ya nane. Kona ya saba. Mahali pengine mama alinyamaza, akapunguza mwendo, akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza. Halafu akaendelea kusimulia, lakini polepole zaidi.

Sema sasa, Mrindoko alijiambia. Kona hii, mwambie. Mwambie ni mwamba mtupu. Hapana, kona ijayo. Hajachoka bado, ngoja achoke, hasira ya mtu aliyechoka ni ndogo. Wewe mwoga. Nani kasema mimi ni mwoga? Nimeshika chatu kwa mikono, nimelala na chui mlangoni. Chui hajawahi kukuita baba. Sema. Atakuuliza mwanangu yuko wapi, utamwambia kwenye karai? Sema. Buti hizi mbona zimekuwa kubwa? Nilizifunga vizuri asubuhi. Zinapwaya. Na fimbo hii, nani kairefusha? Kona ya nne. Sema, sema, sema.

Kona ya tatu Nakundwa aliacha kusimulia. Alitembea kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa pomoni. Mrindoko aliona mabega yake yanashuka kila hatua. Miamba ya pande zote mbili ilikuwa kimya, na kimya hicho kilikuwa na masikio.

"Bado," alisema mama kona ya pili, kwa sauti ndogo.

Mbele yao lilionekana tundu la mwanga, mlango wa Korongo, na nje yake jua la jioni lililokuwa bado la watu wengine. Hatua thelathini. Ishirini. Filimbi ya pili ikalia. Nakundwa akasimama, amempa Mrindoko mgongo, mikono imening'inia.

"Baba," alisema, bila kugeuka. "Umeniambia una hakika."

Na Mrindoko akaamua. Kweli kabisa, aliamua, tumpe haki yake. Moyo ulimwambia basi, imetosha, hata akilaani vizazi vyangu vyote. Akafungua mdomo aseme, mama, nimekudanganya. Kilichotoka hakikuwa hicho. Kilitoka kitu chembamba, kibichi, kilichotoka mahali pa chini sana kuliko koo, naye akakisikia kama mtu anavyosikia mtoto wa jirani.

"Abee, mama."

Nakundwa alijishika kwenye mwamba. Machozi yaliyokataa kutoka asubuhi yakatoka yote kwa pamoja. "Sauti ile ile," alisema. "Ile ile, jamani. Hajakua hata kidogo." Akapeleka mkono sikioni mwake, akaushikilia pale. Mrindoko alisimama nyuma yake ndani ya buti zilizomzidi, amejiziba mdomo kwa mikono miwili, maana alihisi akiuachia utaitika tena. Lile jina lilikuwa limemkaa. Lilikuwa limemtafuta aliyelala chini ya lundo la kona ya tisa, likakuta hakuna, likamwendea aliyelijenga.

Hapo ndipo kilio kilipoanza, juu, nyuma yao. Hakikuwa kikubwa. Kilianza kwa kusitasita, kama mtoto anayeamka na kukuta nyumba haina mtu, halafu kikapanda, kikakatika, kikapanda tena. Kilitoka kushoto kwa anayepanda, katikati ya kona ya tano na ya sita, mahali ambapo sasa palikuwa na kipande cha njia safi, kilichosawazishwa vizuri, ambapo wageni hupenda kusimama wapumzike. Mrindoko alipatambua. Karai la nne, siku ya Ijumaa. Alikumbuka sasa kila kitu.

Nakundwa naye alisikia. Hakugeuka, mila ilimzuia, lakini kichwa chake kiliinuka na tabasamu likasita.

"Nani analia?" aliuliza.

Angeweza kusema. Mikono alikuwa ameitoa mdomoni, na safari hii ulimi ulikuwa wake, mzima, mkavu, wa mtu mzima mwenye kazi na barua ukutani. Langoni mlinzi alikuwa ameshashika mnyororo. Mrindoko alivuta pumzi.

"Ni pimbi, mama," alisema. "Huku wako wengi."

"Maskini," alisema Nakundwa, akatoka nje.